Jinsi ya Kupima Udongo wa Chini Kabla ya Kupanga Unene wa Lami ya Nyongeza

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa mafundi sanifu na wahandisi vijana ni hili: "Tuliweka milimita 50 za lami mpya juu ya ya zamani, ikapendeza, masika ya kwanza nyufa za mamba (zinazofanana na ngozi ya mamba) zikarudi palepale. Tumekosea wapi, lami au ushindiliaji?" Nami huwauliza: udongo wa chini mliupima lini, na kwa kifaa gani? Wengi hawakuupima kabisa. Waliobaki waliupima kiangazi, au waliingiza namba ya mashine kwenye fomula bila kuirekebisha.

Mwongozo huu unafuata njia ya 1993 ya AASHTO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa majimbo ya Marekani, kwa sababu inaonyesha wazi udongo unaingilia wapi na kwa uzito gani. Ukiufuata, utajua kila kipande cha barabara kinahitaji unene gani, na wapi lami ya nyongeza peke yake haitafaa.

## Maneno tutakayotumia

Udongo wa chini ni ule uliobeba tabaka zote: lami, msingi, na tabaka lililo chini ya msingi.

Mnepo ni kiasi ambacho uso wa barabara unazama gurudumu likipita kisha kurudi. Bakuli la mnepo ni umbo la kuzama huko kuanzia chini ya mzigo kwenda pembeni.

Moduli ni kipimo cha ukakamavu. Udongo wenye moduli ndogo hunepa sana kwa mzigo uleule.

## Vifaa

- Mashine ya FWD (hudondosha uzito juu ya bamba na kupima mnepo) yenye bamba la kipenyo cha milimita 300 na vipima mnepo hadi angalau milimita 1,200 kutoka katikati. Ukiikosa, tumia ubao wa Benkelman (mkono mrefu unaopima mnepo chini ya gurudumu la lori) na lori lililopimwa mizani.
- DCP, fimbo yenye koni inayogongwa kuingia udongoni: nyundo ya kilo 8 inayodondoka milimita 575, koni ya nyuzi 60 yenye kipenyo cha milimita 20.
- Mashine ya kukata sampuli za lami, sururu, koleo, na mifuko ya nailoni ya sampuli za unyevu.
- Kipimajoto cha lami.
- Rangi ya kupulizia, futi ya mita 50, na fomu za kumbukumbu.
- Hesabu ya magari iliyogeuzwa kuwa ekseli sanifu za kN 80, yaani kilo 8,160.
- Koni za barabarani, vizibao vinavyong'aa, na watu wawili wa bendera. Usianze kupima bila hawa.

Kuhusu ekseli: sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya tairi nne. Kwa kanuni ya kipeo cha 4 (uharibifu hukua kwa uwiano wa uzito uliopandishwa kwa kipeo cha 4), ekseli hiyo moja inaharibu barabara zaidi ya mara mbili ya ekseli sanifu. Usihesabu malori kwa idadi tu.

## Hatua ya 1: Chagua msimu

Pima mwishoni mwa mvua, udongo ukiwa umelowa kadiri unavyolowa. Kwenye pwani na kaskazini mwa Tanzania, huo ni mwisho wa masika. Kanda zenye msimu mmoja wa mvua, pima karibu na Aprili.

Sababu ni unyevu. Udongo mweusi wa mbuga, kama wa Shinyanga au wa nyanda za Kano kule Kisumu, Septemba ni mgumu kiasi cha kurudisha sururu, na Aprili kidole gumba kinazama hadi kwenye kucha. Ni udongo uleule. Barabara yako itabeba malori katika hali zote mbili, na itavunjika katika ile ya pili.

Onyo: Mkataba ukikulazimisha kupima kiangazi, chukua sampuli za unyevu kila shimo, uzilinganishe na vipimo vya maabara vya udongo uliolowekwa, kisha ushushe moduli. Andika kwenye ripoti kwamba umeshusha, na kwa nini.

## Hatua ya 2: Tembea kwa miguu kwanza

Tembea barabara yote. Andika nyufa, mabonde ya magurudumu, viraka, na hasa maji: mtaro ulioziba, kalavati lililofukiwa, bega la barabara lililo juu kuliko lami.

Nyufa za mamba zikiwa kwenye njia ya gurudumu la nje peke yake, jirani na mtaro uliojaa tope, shuku udongo uliolainishwa na maji ya pembeni. Safisha mtaro huo kabla ya kupima lolote, kwa sababu hakuna unene wa lami utakaoshinda maji yanayoingia kila mwaka.

## Hatua ya 3: Pima mnepo

Pima kwenye njia ya gurudumu la nje, kila mita 100, ukipishanisha upande wa kushoto na wa kulia. Ndipo palipo dhaifu, kwa kuwa unyevu huingilia kwenye bega.

Kwa FWD, tumia mzigo wa kN 40, sawa na nusu ya ekseli sanifu. Kila kituo dondosha mzigo wa kwanza wa kukalisha bamba, usiuhesabu, kisha rekodi inayofuata. Andika joto la lami kila saa, maana mnepo wa katikati unapaswa kurekebishwa hadi nyuzi 20 za Selsiasi. Vipimo vya mbali havihitaji marekebisho hayo, kwani havisomi lami.

Ubao wa Benkelman una mkono wa uwiano wa 2 kwa 1, kwa hiyo zidisha badiliko la saa ya kupimia kwa 2. Hapa watu husahau, wakapata barabara imara kuliko ilivyo. Ubao unakupa mnepo wa juu tu, hivyo lazima uusindikize na DCP.

Umefaulu ikiwa: mnepo unapungua kila unavyotoka katikati ya bamba. Kipima cha milimita 600 kikisoma zaidi ya cha 300, kuna ufa katikati yao au kipima kimekaa vibaya. Sogea mita 2, rudia.

## Hatua ya 4: Lisome bakuli kwa macho

Kabla ya fomula yoyote, chora bakuli tatu au nne kwenye karatasi. Vituo viwili vinaweza kuwa na mnepo uleule wa katikati, tuseme milimita 0.80, na ugonjwa tofauti kabisa.

Bakuli la kwanza ni jembamba: katikati 0.80, lakini ukifika milimita 900 imebaki 0.04. Udongo ni mzima, kilichooza ni msingi au lami. Bakuli la pili ni pana: katikati 0.80, na kwenye milimita 900 bado kuna 0.15. Hapo udongo wenyewe unazidiwa na mzigo.

Mzigo hutawanyika kwa umbo la koni kila unavyoshuka. Mbali na bamba, koni hiyo inakuwa ndani ya udongo wa chini peke yake, ndiyo maana kipima cha mbali kinasema habari za udongo bila kuchanganya na za lami. Mhandisi anayeangalia mnepo wa katikati tu anawapa wagonjwa hawa wawili dawa moja.

## Hatua ya 5: DCP na mashimo

Kata lami, teremsha koni hadi juu ya msingi, kisha gonga. Mmoja ashike fimbo wima, mmoja ainue nyundo, wa tatu asome na kuandika. Nyundo iguse mpini wa juu kidogo tu na iachwe idondoke yenyewe. Ukiisukuma au ukigonga mpini kwa nguvu, namba ni za uongo. Mapigo 20 mfululizo bila kushuka yanamaanisha jiwe au msingi wa saruji: toboa kwa mashine upite.

Ubadilishaji kwenda CBR (nguvu ya udongo kwa asilimia ya ile ya kokoto sanifu) kwa koni ya nyuzi 60 ni:

log CBR = 2.48 − 1.057 × log DN

DN ni milimita kwa pigo. DN ya 12 inatoa CBR ya karibu 22, DN ya 25 inatoa 10, na DN ya 60 inatoa 4.

Onyo: Kwenye mfinyanzi unaonata, udongo huishika fimbo ubavuni na kuifanya ishuke polepole, ukadhani udongo ni imara. Izungushe fimbo kila baada ya mapigo machache. Ikigoma kuzunguka, chimba.

Na uchimbe kweli, angalau shimo moja kwa kila aina ya udongo. Pima unene wa kila tabaka kwa futi ukutani mwa shimo. Michoro ya zamani huandika milimita 150 mahali ambapo nimekuta 90. Finyanga udongo wa chini mkononi: ukitengeneza kijiti chembamba bila kukatika, una mfinyanzi, na unyevu ndio utakaokuhukumu.

## Hatua ya 6: Gawa barabara vipande

Wastani wa barabara nzima ni kosa la pili kwa ukubwa ninaloliona. Kwenye Excel, toa wastani wa mnepo wote kwenye kila kipimo, kisha jumlisha tofauti hizo mfululizo toka mwanzo wa barabara. Chora mstari wake. Kila unapopinda waziwazi, toka kupanda kwenda kushuka au kinyume, hapo kipande kimoja kimeisha na kingine kimeanza. Linganisha na mashimo yako: mara nyingi mpindo hukaa pale udongo mwekundu wa mwinuko unapoachia mbuga.

Ndani ya kipande, njia ya AASHTO inatumia wastani wa moduli, kwa sababu tahadhari imeshawekwa kwenye kiwango cha uhakika. Njia nyingine huchukua thamani ya chini inayozidiwa na asilimia 90 ya vipimo. Shika njia moja hadi mwisho. Ukichanganya unalipia tahadhari mara mbili, au unaikosa kabisa.

## Hatua ya 7: Tafuta moduli ya udongo

Fomula ni fupi:

Mr = 0.24 × P ÷ (d × r)

Mr ni moduli ya udongo, P ni mzigo kwa nyutoni, d ni mnepo wa kipima cha mbali kwa milimita, r ni umbali wake kwa milimita. Jibu ni MPa (megapaskali).

Nitatumia mfano wa kufundishia wenye vipande viwili vya barabara moja. Vyote vina lami milimita 50, msingi 150, na tabaka la chini yake 200, jumla 400.

- Kipande A, udongo mwekundu: mnepo wa milimita 900 ni 0.06. Mr = 0.24 × 40,000 ÷ (0.06 × 900) = MPa 178.
- Kipande B, mbuga: mnepo wa milimita 900 ni 0.15. Mr = MPa 71.

Piga hesabu hii kwa vipima vyote vya mbali, chukua jibu dogo. Kipima kikiwa karibu mno, kinasoma msingi pamoja na udongo. Na kama mwamba uko karibu chini, vipima vya mbali vitanepa kidogo na udongo utaonekana mkakamavu kwa nguvu ya kuazima. DCP na shimo vitakufunulia.

## Hatua ya 8: Rekebisha moduli, hapa ndipo wengi huanguka

Moduli iliyopatikana kwa FWD ni kubwa kuliko ile ya maabara ambayo fomula ya AASHTO ilitengenezewa. Kwa udongo wa chembe ndogo, mwongozo unataka uizidishe kwa kisichozidi 0.33.

- A: 178 × 0.33 = MPa 58.7, sawa na psi (pauni kwa inchi ya mraba) 8,510.
- B: 71 × 0.33 = MPa 23.5, sawa na psi 3,400.

Jihakiki kwa kanuni ya psi 1,500 kwa kila CBR moja. B inatoa CBR ya 2.3, na hivyo ndivyo mbuga iliyolowa ilivyo. Ungeacha namba ghafi, ungepata karibu 7, na yeyote aliyewahi kukanyaga mbuga mwezi wa Aprili angejua hiyo si kweli.

Uzito wa kosa hili uko kwenye fomula yenyewe: moduli imepandishwa kwa kipeo cha 2.32. Ukiikadiria mara 2 ya ukweli, umekadiria uhai wa barabara mara 5. Ukisahau theluthi hii, umekosea karibu mara 13. Barabara uliyoahidi miaka 13 inaisha ndani ya mwaka mmoja, na watu wa mahali pale wanabaki na mashimo.

Onyo: Marekebisho ya 0.33 ni ya FWD pekee. Moduli iliyotoka kwenye CBR ya maabara au ya DCP usiipunguze tena.

## Hatua ya 9: Pima nguvu iliyobaki kwenye tabaka za zamani

Sasa tafuta Ep, moduli ya tabaka zote zilizo juu ya udongo zikichukuliwa kama kitu kimoja:

d0 = 1.5 × p × a × { 1 ÷ [Mr × √(1 + ((D/a) × ∛(Ep/Mr))²)] + [1 − 1 ÷ √(1 + (D/a)²)] ÷ Ep }

d0 ni mnepo wa katikati, p ni shinikizo la bamba (MPa 0.566 kwa kN 40), a ni milimita 150, D ni unene wote. Weka Excel ijaribu Ep hadi d0 ilingane na uliyopima. Hapa tumia Mr ghafi, kwani unaeleza kilichotokea siku ya kupima.

A, yenye d0 ya 0.50, inatoa Ep ya MPa 292. B, yenye 0.80, inatoa 230.

Kisha tafuta SN, namba inayojumlisha nguvu ya tabaka zote zilizo juu ya udongo: SN iliyobaki = 0.0045 × D × ∛Ep, D ikiwa kwa inchi (400 mm = 15.75) na Ep kwa psi. A inapata 2.47, B inapata 2.28. Tazama zilivyokaribiana. Tabaka za juu hazijatofautiana sana; tofauti iko chini yake.

## Hatua ya 10: Unene

SN inayohitajika inatoka kwenye fomula hii:

log W = Zr × So + 9.36 × log(SN+1) − 0.20 + log(ΔPSI ÷ 2.7) ÷ [0.40 + 1094 ÷ (SN+1)^5.19] + 2.32 × log Mr − 8.07

W ni idadi ya ekseli sanifu, Zr inatokana na kiwango cha uhakika, So ni mtawanyiko wa makadirio, na ΔPSI ni kushuka kwa kiwango cha huduma (alama ya ubora wa safari). Mr hapa ni ile iliyorekebishwa, kwa psi. Kwa ekseli sanifu milioni 3, uhakika wa asilimia 90 (Zr = −1.282), So ya 0.45, na kiwango cha huduma kinachoshuka kutoka 4.2 hadi 2.5:

- A inahitaji SN 3.96. Pungufu ni 1.49. Gawa kwa 0.44, mgawo wa nguvu wa lami zege kwa kila inchi: inchi 3.4, yaani milimita 86. Jenga 90.
- B inahitaji SN 5.41. Pungufu ni 3.13, yaani milimita 181.

Magari yaleyale, lami ileile, mkandarasi yuleyule. Udongo peke yake umeongeza zaidi ya milimita 90. Ungetumia Mr ghafi kwenye B, fomula ingekupa milimita 81, na ungesaini ukiwa na amani.

## Hatua ya 11: Unene ukizidi, usimwage lami

Kwangu mimi, ikipita milimita 120 hivi nasimama. Milimita 181 za lami juu ya mbuga ni fedha nyingi juu ya kitu kinachovimba na kusinyaa. Njia zilizopo:

Ongeza kokoto zilizosagwa. Milimita 250 (inchi 9.84), zenye mgawo wa 0.14, zinachangia 9.84 × 0.14 = SN 1.38. Pungufu linalobaki, 1.75, linamalizwa na milimita 100 za lami. Lakini ivunje kwanza lami ya zamani kwa mashine ya kuchimbua. Ukiiacha nzima, maji yatanaswa juu yake ndani ya kokoto, na kila lori litayasukuma juu kama pampu. Panga pia kunyanyua mabega na kingo za makalavati.

Fumua, changanya msingi wa zamani na saruji kidogo, shindilia upya. Inafaa pale kijiji au mji hauruhusu barabara kupanda.

Chimba hadi kwenye mbuga. Ondoa na ujaze kifusi kizuri, au changanya udongo na chokaa. Ni gharama, lakini kwa kipande kifupi cha mita 200 au 300 mara nyingi ndiyo njia ya bei nafuu.

## Hatua ya 12: Kazini, na kupima tena

Kata na ujaze upya sehemu zote zilizokufa kabla ya lami mpya, ukishuka hadi ufike kilichooza. Ziba nyufa. Fagia, pulizia lami ya kugundisha, subiri igeuke kutoka kahawia hadi nyeusi. Milimita 90 ziwekwe kwa tabaka mbili, maana tabaka moja nene ni vigumu kulishindilia sawasawa.

Kwenye mpaka wa A na B usikate unene ghafla kama ngazi. Ushushe taratibu, na uanzie ndani ya A, kwa sababu mpaka wa udongo chini haufuati alama ya rangi uliyopulizia juu.

Baada ya mvua za kwanza, rudi na mashine msimu uleule, vituo vilevile. Mnepo wa katikati unapaswa kuwa umeshuka sana, na wa milimita 900 kidogo tu, kwani udongo ni uleule. Katikati pakiwa hapajashuka, kata sampuli uangalie unene na mshikamano wa tabaka. Mnepo wa mbali ukiwa umepanda kuliko kabla ya kazi, chukua koleo, fuata mtaro ulio karibu na kituo hicho, utafute maji yanakoingilia.